Mpeni Ufunguo wa Maabara

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa uhandisi, wasimamizi wao na wageni waalikwa, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, mafundi sanifu wa maabara zetu, wazazi mliofika, na ninyi wadogo zangu na wanangu mnaosoma shahada za juu za uhandisi. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwalea kiuongozi wanawake wanaosoma uzamili na uzamivu wa uhandisi. Nimekaa na jambo hili wiki mbili, na kila nikishika kalamu mkono unanipeleka kwenye kitu kimoja tu: ufunguo. Basi naomba nianze na ufunguo, mengine yatafuata.

Nilipokuwa nasoma uzamili, utafiti wangu ulikuwa wa zege. Nilikuwa napunguza saruji na kuweka badala yake majivu ya pumba za mpunga. Pumba nilizifuata Ifakara kwenye mashine za kukoboa, ambako zilirundikwa vilima kwa vilima. Pumba zikichomwa kwa moto wa kiasi, majivu yake yanakuwa na silika nyingi, na silika hiyo hukutana na chokaa inayozaliwa saruji inapoganda, zege likaongezeka nguvu. Nilikuwa nimeipenda kazi ile kupita kiasi. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Sasa zege, wenyewe mnalijua, halimsubiri mtu. Ukishamwaga, linaanza kuhesabu siku zake. Siku ya 7 unavunja kwenye mashine michemraba kadhaa ya zege hilo kupima nguvu yake, siku ya 28 unavunja mingine, na hiyo ya 28 ndiyo inayosimama kwenye ripoti. Mimi nilikuwa namwaga Jumamosi, kwa kuwa siku za kazi mashine ilikuwa na wenzangu waliokuwa kwenye miradi ya wakubwa. Hesabuni na mimi: ukimwaga Jumamosi, siku ya 7 ni Jumamosi, na siku ya 28 pia ni Jumamosi. Na Jumamosi maabara ilikuwa inafungwa.

Wenzangu wanne wa kiume niliosajiliwa nao mwaka ule, kila mmoja alikuwa na nakala ya ufunguo. Hapakuwa na tangazo wala barua. Walipewa tu, mmoja leo, mwingine kesho, jioni kazi ikiwa inaendelea, kwa maelezo kwamba vijana watachelewa kutoka. Mimi sikuwahi kuambiwa hapana. Ila hakuna aliyenikumbuka. Niliambiwa nikihitaji kuingia nimpigie mwenye ufunguo.

Jumamosi moja mwenye ufunguo alikuwa msibani, Kisarawe ndani huko, simu haipatikani. Mimi nilikuwa nimeshatoa michemraba yangu 12 kwenye birika la maji la kulowekea zege lililokuwa nyuma ya jengo. Mchemraba mmoja wa milimita 150 una uzito wa kama kilo 8. Niliibeba mmoja mmoja hadi kwenye ngazi za mlango, nikaifunika kwa magunia mabichi, nikawa nainyunyizia maji kwa kopo ili isikauke. Nilikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Mlinzi alinipa nusu ya mhogo wake. Jioni nikairudisha majini, mmoja mmoja. Nilikuja kuivunja Jumatatu, siku ya 30, na matokeo ya mchanganyiko ule sikuyatumia. Nilirudia kazi ya mwezi mzima.

Chuo kile sitakitaja, na si nia yangu kumlaumu mtu. Ninachotaka mkione ni kile kilichofuata. Palikuwa na mzee mmoja, fundi sanifu, mtu wa maneno machache. Alisikia habari yangu. Jumanne akaniita kwenye kijiofisi chake, akatoa ufunguo kwenye droo, akaushika hivi, akaniambia: "Mwanangu, huu si ufunguo wa mlango. Huu ni ufunguo wa lawama. Kikiharibika kitu humo ndani, wewe ndiye utakayeitwa. Uko tayari?" Nikamjibu niko tayari. Akafungua daftari, nikaandika jina langu, nikatia saini.

Nawaambieni ukweli, saini ile ilinibadilisha. Wiki ileile nilianza kuuliza mafuta ya mashine yanabadilishwa lini. Nikataka kuiona hati ya upimaji wa usahihi wa mashine, ambayo kwa mwaka mzima nilikuwa napita mbele yake bila kuisoma. Wanafunzi wengine wakaanza kuniuliza mimi nafasi ipo saa ngapi, nikaona hakuna ratiba, nikaitengeneza, nikaibandika ukutani. Miezi mitatu baadaye mkuu wa maabara alipokuja na wageni, akasema mwenye kujua mambo ya hapa ni huyu. Hakuna semina ya uongozi niliyokuwa nimehudhuria. Nilikuwa nimekabidhiwa kitu kinachoweza kuharibika mikononi mwangu, basi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na nitalisema kwa njia kadhaa mpaka mlichoke. Mwanamke anayesoma uhandisi hawi kiongozi kwa kuambiwa kwamba anaweza. Anakuwa kiongozi kwa kukabidhiwa jambo lenye uzito, akajibu kwa ajili yake, na nyuma yake akawepo mtu wa kumshika asianguke.

Kuhusu semina, sizipingi. Nimehudhuria nyingi na nimefundisha kadhaa. Zinatia moyo, na mtu anatoka na namba za simu za wenzake, jambo ambalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Lakini binti akitoka kwenye semina ya siku mbili, Jumatatu anarudi kwenye kikundi cha utafiti ambamo kazi yake ni kuandika muhtasari na kuagiza chai. Naomba kila msimamizi aliyemo humu akirudi ofisini afungue muhtasari wa vikao vya mwaka uliopita, atazame jina lililoandikwa mbele ya neno "katibu". Mimi niliandika muhtasari miaka miwili mfululizo. Nilisifiwa mwandiko. Huku wenzangu wakiwa wanapanga bajeti ya vifaa, wanajadiliana na wauzaji wa nondo na kemikali, wanawaeleza wafadhili mradi umefikia wapi. Tulipohitimu, tasnifu zetu zilikuwa sawa. Lakini wao walikuwa wameshazoea kuzungumza na watu wenye fedha, na mimi nilikuwa nimezoea kuwaandika wakizungumza.

Tumetoka mbali, hilo nalikiri kwa furaha. Katika miaka ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kitivo cha uhandisi kilikuwa Nairobi, na Mtanzania aliyeutaka uhandisi alifunga safari. Mwaka 1973 Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikafungua kitivo chake. Kwa miaka mingi wasichana darasani walihesabika kwa vidole. Baadaye ikaja kozi ya maandalizi kwa wasichana ambao alama zao za kidato cha sita zilikuwa zimekaribia lakini hazikufika: walifundishwa hisabati na fizikia kwa wiki kadhaa, wakafanya mtihani, na waliofaulu wakaingia. Wengine waliwasema wale mabinti kwamba wamependelewa. Leo wako kwenye barabara, kwenye mitambo ya umeme, kwenye maji, na wengine wako humu ukumbini, siwaombi wasimame.

Shida yetu sasa imehamia juu. Kwenye shahada ya kwanza wasichana wameongezeka. Tukipanda uzamili, wanapungua. Tukifika uzamivu, unaweza kukuta idara nzima ina mmoja. Na miaka ya kupungua inaeleweka. Ni kati ya 25 na 35, miaka ambayo mtu anaolewa, anazaa, anatafuta ajira ya kudumu, na kwa mhandisi kuna jambo la nne: usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa mafunzo ya vitendo, ule tunaouita SEAP, ambamo mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyebobea kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Norwe iliwahi kutoa fedha mahsusi ili wahandisi wanawake waupitie. Naupenda mpango ule kwa sababu umejengwa juu ya mtu mmoja kumshika mkono mtu mwingine kwa muda mrefu. Najiuliza kila siku: kwa nini anayejenga daraja awe na mhandisi wa kumlea miaka mitatu, na anayetafiti daraja asiwe na mtu zaidi ya msimamizi wa tasnifu, ambaye ana wanafunzi wengine kumi na vipindi vya kufundisha?

Wasichana wangu wawili hapa mbele wameanza kutabasamu kwa sababu wanajua ninakoelekea. Ninaelekea kwa bibi zetu.

Sisi watu wa pwani tuna neno ambalo vyuo vikuu vingelihitaji. Mwali hakuachwa aingie ukubwani peke yake. Alipewa somo, yaani mwanamke wa kumfunda. Somo si mama mzazi. Mama ana haya, mama ana huruma. Somo ana maneno. Alimfundisha mwali yale yasiyosemwa hadharani, akamfanyisha mazoezi mpaka mwili ukazoea, na siku yenyewe ilipofika alikuwa karibu. Na mwali akikosea, mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa somo wake: ulimfundisha nini? Jukumu lilikuwa na jina la mtu.

Yapo mambo ya unyago mimi binafsi siyataki yarudi, na tunaweza kuyazungumza siku nyingine. Lakini mpango wake wa kumpa kila binti mtu wake, mtu anayejibu kwa ajili yake, nani katika vyuo vyetu ameupita?

Mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi ana mambo yake yasiyosemwa hadharani. Jina la nani linatangulia kwenye makala, na lini uliulize hilo: kabla ya kuandika, si baada. Ufanyeje msimamizi anapokupa kazi za mradi wake wa pembeni bila malipo na tasnifu yako imelala. Namna ya kusema mbele ya watu "hilo sijui, nitaliangalia, kesho saa nne nitakujibu" bila sauti kutetemeka, halafu kesho saa nne ukajibu kweli. Ukipata ujauzito mwaka wa pili, barua ya kuahirisha masomo inaandikwa mapema, inapelekwa kwa nani, na mfadhili wako anasemaje, kwa sababu wapo waliopoteza ufadhili kwa kukaa kimya miezi mitano wakiona aibu. Saiti isiyo na choo cha wanawake unaingiaje na unadai nini kwenye mkataba. Hakuna kitabu cha kanuni za shahada za juu kinachoandika haya. Yanatoka mdomoni kwa mtu aliyepita.

Na somo wa namna hii si lazima awe mwanamke. Ufunguo wangu ulitoka kwa mzee wa kiume aliyekuwa na cheti cha ufundi. Ninachosisitiza ni kwamba awe amepangwa, ajulikane, na aulizwe.

Niwape tukio moja nililoliona kwa karibu, na mhusika ameniruhusu. Binti mmoja ninayemsimamia alikuwa saiti hapa mjini, jengo la ghorofa, anafanya utafiti na papo hapo ana jukumu la kupokea zege. Lori likafika limechelewa, limekaa sana kwenye foleni barabara ya Mandela. Akachota zege, akajaza ile koni ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka akalishindilia mara 25 kwa nondo laini, akasawazisha juu, akaiinua koni taratibu. Zege likalala chini kama uji. Mkataba ulitaka slampu, yaani kimo ambacho zege linashuka koni ikiinuliwa, isizidi milimita 125. Akapima, 190. Maana yake mtu aliongeza maji njiani ili lisigande.

Dereva akashuka. Akamwangalia, akaangalia huku na huku, akasema, "Dada, hebu tuitie injinia."

Nyuma yake wamesimama mafundi ishirini na zaidi na toroli zao, fomeni ameshika kiuno, pampu inaunguruma. Lori lile lina zege la mita za ujazo 6. Likirudishwa, kazi ya siku imesimama na kuna mtu atakayelipa. Simu ikapigwa kwa mkandarasi, simu akapewa yeye, na sauti ya upande wa pili haikuwa ya upole.

Akasema, "Injinia ndiye mimi. Zege hili halimwagwi hapa. Naandika." Akachukua hati ya mzigo, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika: limekataliwa, slampu 190, saa, tarehe, saini. Aliniambia mkono ulikuwa unatetemeka hadi herufi zikapinda. Lakini lori liligeuza.

Mtu akiiona picha ile atasema binti yule amezaliwa na ujasiri. Hapana. Wiki tatu kabla tulikuwa tumefanya mazoezi maabara. Fundi sanifu wetu mmoja, ambaye ameketi pale mstari wa tatu, alijifanya dereva, na aliifanya kazi hiyo kweli kweli: alifoka, alibembeleza, alitaja watoto wake. Binti alishindwa mara ya kwanza. Mara ya pili alieleza sana, na ukieleza sana saiti umeshapoteza. Mara ya nne ndipo lile neno likamtoka, fupi: halimwagwi hapa, naandika. Na siku ile ya tukio, alipomaliza kutia saini, alijitenga pembeni akampigia simu dada yake wa kitaaluma, mhandisi aliyemaliza uzamili miaka sita iliyopita, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kazini. Hayo matatu, mazoezi, mamlaka ya kutia saini na mtu wa kumpigia simu, ndiyo ninayoyaita malezi ya uongozi. Mkiniuliza bajeti yake, nitawaambia koni ya slampu tunayo tayari.

Jambo hili tusilichukulie kama hisani kwa wanawake. Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam liliporomoka, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, likaanguka la Kariakoo, na wote tunakumbuka siku zile tulivyokaa na redio tukisubiri majina ya waliotolewa chini ya kifusi wakiwa hai. Vyanzo vina watu wake wa kuvichunguza, mimi sivigusi. Nasema tu kwamba kila jengo lina siku zake ambazo mtu mmoja inabidi aseme hapana mbele ya watu wasiotaka kuisikia. Nchi inayowafundisha wahandisi wake wanawake kuandika muhtasari tu imejipunguzia watu wa kusema hapana.

Wapo waliotutangulia katika eneo letu hili. Nairobi, tangu mwaka 2008, kuna mpango wa AWARD kwa wanawake watafiti wa kilimo barani Afrika. Si uhandisi, lakini muundo wake naupenda: mshiriki anapewa mlezi aliyemtangulia, naye mshiriki huyo hukabidhiwa mdogo wake amlee. Mnyororo hauishii kwake. Mwanamke wa miaka 30 anayejiona bado mwanafunzi anashtukia kuna mtu anayemtazama yeye. Uganda yuko Dkt. Dorothy Okello, mhandisi wa umeme wa Makerere. Mwaka 2000 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa WOUGNET, mtandao wa wanawake wa Uganda katika teknolojia ya habari, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha wahandisi wa nchi hiyo. Tazameni mpangilio wake: kabla ya kuongoza wahandisi wa taifa, alikuwa ameshaongoza kitu alichokijenga na wenzake. Na kwa wanaotafuta ufadhili wa uzamivu, OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao yake Trieste, Italia, imekuwa ikiwafadhili wanawake wa nchi zetu tangu mwaka 1998. Nendeni mkaombe. Msiseme hamtapata kabla ya kuomba.

Lakini anayenifundisha kuliko wote ni Wangari Maathai. Tunamjua kwa miti na kwa Nobeli ya mwaka 2004. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, wa kwanza kwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Akawa mhadhiri palepale, akakuta mwanamke aliyeolewa hapati stahili za nyumba kama mwenzake wa kiume, eti ana mume wa kumpa makazi. Yeye na mwenzake mmoja wakalivalia njuga suala hilo, wakitaka walipwe na watunzwe sawa na wanaume wa cheo chao. Wakatazamwa kwa jicho baya. Hawakuacha. Mimi naamini mwanamke aliyekuja kusimama kidete kutetea bustani ya Uhuru jijini Nairobi alianzia kwenye ile hesabu ndogo ya posho ya nyumba. Alizoea kudai akiwa na karatasi mkononi na mwenzake pembeni.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma sasa, msidharau madai madogo. Mlio maabara ya udongo, daini buti namba 37. Nimewaona mkivaa buti za 42 zimejazwa soksi na magazeti, mnapanda ngazi za jukwaa la ujenzi. Ile si hoja ya urembo, ni hoja ya kuanguka. Andikeni barua, ipelekeni, fuatilieni jibu. Mkilipata hilo, mmejifunza barua inavyotembea ndani ya ofisi, na elimu hiyo itawafaa mtakapodai mashine ya milioni mia.

Sasa naomba niwasemeshe wasimamizi, nikiwemo mimi mwenyewe.

Mama zetu na dada zetu mitaani wana vikoba. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, na funguo zinashikwa na wanachama watatu, na mtunza sanduku si mmoja wao. Sanduku halifunguki mpaka wote wafike. Mama anayeuza vitumbua asubuhi, jioni ni mshika ufunguo wa fedha za watu thelathini, na mwaka ukiisha nafasi zinazunguka. Hakuna aliyempeleka hotelini kumwambia ana uwezo. Alichaguliwa, akakabidhiwa, akawajibika. Nimewahi kumuona mwanamama asiyejua kusoma akimzuia mwenyekiti kukopa zaidi ya hisa zake, kwa sauti ya chini kabisa, ufunguo uko kwenye khanga. Binti wa huyo mwanamama anakuja kwetu kusoma uzamivu na tunamkabidhi birika la chai.

Tumeanza kuuiga mpango huo kwenye kikundi chetu cha utafiti, huu ni mwaka wa tatu. Kazi zinazunguka kila muhula: mwenye ratiba ya mashine, mwenye bajeti ya vifaa, mwenye usalama, mwenye kuzungumza na viwanda, na ndiyo, mwenye muhtasari. Wavulana wanaandika muhtasari na wameandika vizuri. Mwenye bajeti anakwenda yeye mwenyewe kwa mhasibu, mimi simsindikizi, lakini usiku uliotangulia tunakaa tukapitia namba moja moja. Muhula wa kwanza tulikosea oda ya viambata vya zege, zile kemikali zinazochanganywa humo, tukanunua mara mbili ya mahitaji. Aliyekosea ni binti. Wenzangu wawili walinishauri nimwondoe kwenye fedha. Nilikataa, kwa sababu mvulana aliyekosea mwaka uliopita hakuna aliyenishauri nimwondoe. Akabaki, akaandika taarifa ya kosa, akaviuza vilivyozidi kwa idara nyingine kwa bei ya kununulia. Sasa hivi hakuna anayenunua kitu pale bila kumuuliza.

Kwa uongozi wa chuo nina maombi machache na nitayapitisha haraka. Vikao vya utafiti visianze saa kumi na moja jioni, mwenye mtoto anakimbia saa hiyo. Usafiri wa usiku kwa wanaotoka maabara saa nne. Chumba cha kunyonyeshea chenye mlango unaofungwa. Haya hayahitaji mfadhili.

La mwisho katika maombi ni zito na sitalipitisha haraka. Rushwa ya ngono. Hakuna mpango wa kulea viongozi unaoweza kusimama mahali ambapo binti anaogopa kwenda ofisini kuchukua sura ya tatu ya tasnifu yake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja kosa hili waziwazi. Mjue kifungu hicho kwa namba yake. Uzamivu una hatari yake ya pekee, kwa sababu mtu mmoja anashika tasnifu yako, barua yako ya utambulisho na jina lako katika taaluma kwa miaka minne. Ndiyo maana nataka kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili na somo mmoja nje ya idara, ili pasiwe na chumba ambacho ufunguo wake anao mtu mmoja tu. Binti yeyote aliyemo humu mwenye jambo la namna hii, mlango wangu haufungwi, na kama hanitaki mimi, dawati la jinsia lipo, nitamsindikiza hadi mlangoni nikae nje.

Wanaume mlio humu ndani, waume, kaka na baba, nawashukuru kwa kuja. Mmoja wenu leo amembeba mtoto wa miezi saba ili mkewe akae mstari wa mbele na daftari. Nimekuona, baba. Asante sana.

Nimalizie kwa kuwaalika. Kwenye birika la maabara yetu kuna michemraba 18 ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uzamili. Anafanyia kazi majivu ya pumba za mpunga, safari hii za Mbarali, kazi ambayo sikuwahi kuimaliza nilivyotaka. Ilimwagwa Jumamosi, kwa hiyo siku ya 28 ni keshokutwa, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa Morogoro, sitakuwepo. Fundi sanifu atakuwepo, amesema atakaa pembeni tu. Ufunguo anao yeye binti, jina lake liko kwenye daftari na saini yake. Anayetaka kuona zege likivunjwa aje, avae viatu vilivyofunika vidole, na afike kabla ya saa mbili, kwa sababu ameniambia mlango ataufunga kazi ikianza.

Asanteni kwa kunisikiliza.